Kidole Juu ya Transista

Baba yangu hakuwa na mita ya kupimia umeme mpaka nilipofika darasa la sita. Kabla ya hapo alitumia kidole. Alifungua mgongo wa redio, akatia mawe mapya, akawasha, akangoja kidogo, kisha akaanza kugusa vipuri kimoja baada ya kingine kwa ncha ya kidole, polepole, kama mama anayejaribu maji ya kumwogesha mtoto. Akikuta transista iliyochemka, mkono unaruka. "Huyu hapa," anasema, na ndipo anapokishika chuma cha kulehemu.

Kibanda chake kilikuwa Bweyale, Uganda, kando ya barabara iendayo Gulu. Anayeijua Bweyale anajua kwamba pale huwezi kukisia mtu atakusalimu kwa lugha gani. Kuna Waacholi, Wanyoro, Walugbara, Waaluri, Wakongo, na watu wa Sudan Kusini waliokuja na kambi ya Kiryandongo. Kwa hiyo kibandani tulizungumza Kiswahili, na kila mteja alikuja na chake: cha jeshini, cha Bunia, cha madereva wa malori. Mzee aliwaelewa wote. Na wote aliwaambia neno moja walipouliza redio inaumwa nini: "Joto ni kazi iliyopotea njia. Redio nzima inatoa sauti, haitoi moto."

Nimesoma fizikia Mbarara, nikaandika tasnifu ndogo kuhusu galaksi, ile mikusanyiko mikubwa ya nyota, zinazotoa mawimbi ya redio, sasa nafundisha sekondari. Na kila nikirudi kwenye somo lile nakiona kidole cha Mzee. Maana naamini galaksi hizi tunazisoma kama yeye alivyosoma redio mbovu: tunaona pale penye moto. Kazi yenyewe inafanyika penginepo.

Nianzie kwenye redio, maana hata wanasayansi walianzia hapo.

Zile redio za zamani za mawimbi mafupi zilikuwa na kioo chenye namba za mita: 49, 41, 31, 25, 19, 16, 13. Sisi watoto tulipenda 31 na 25, ambako watu waliongea. Kati ya 16 na 13 hapakuwa na mtu. Ukipeleka mshale pale unasikia mkwaruzo tu, shhhhh, kama mahindi yanayomwagwa kwenye turubai bila kwisha. Nilipofika chuo ndipo nikajua kwamba Karl Jansky, mhandisi wa maabara za kampuni ya simu ya Bell kule New Jersey, alikuwa akisikiliza mawimbi ya mita 14.6. Yaani katikati ya 16 na 13. Pale pale petu pasipo mtu.

Jansky alitumwa kutafuta kelele zinazoharibu simu za ng'ambo. Akatengeneza antena kubwa ya kuzunguka, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford. Akasikia radi za karibu, akasikia radi za mbali, na akasikia mkwaruzo wa tatu usio na radi. Huo wa tatu uliwahi kila siku kwa dakika kama 4. Jua haliwahi hivyo, nyota ndizo zinazowahi. Mwaka 1933 akatangaza kwamba mkwaruzo unatoka upande wa kitovu cha galaksi yetu, Njia ya Maziwa. Mwajiri wake hakuona faida kubwa ya kuendelea, na wanajimu wa darubini za kioo hawakujishughulisha sana.

Aliyejishughulisha ni fundi. Grote Reber, mhandisi wa redio wa Wheaton, Illinois, mwaka 1937 alijenga uani kwake dishi lenye upana wa karibu mita 9 na nusu, kwa fedha zake mwenyewe. Kwa miaka kadhaa alikuwa karibu peke yake duniani katika kazi hiyo. Nilipomsimulia Mzee habari hii hakushangaa na antena. Alishangaa na majirani. "Hawakumwita mchawi?"

Katika ramani za Reber kulikuwa na doa kali upande wa kundi la nyota la Cygnus. Baadaye likaitwa Cygnus A, na kwa nguvu ya redio ni miongoni mwa vitu vikali kuliko vyote angani. Wanajimu walipoelekeza darubini kubwa ya Palomar mahali pale wakakuta galaksi hafifu, iliyo mbali zaidi ya miaka ya nuru milioni 700 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima). Ina maana kitu kilicho mbali kiasi hicho kilikuwa kinapiga kelele kuliko karibu kila kilicho jirani. Halafu mwaka 1953 Roger Jennison na Mrinal Das Gupta, wakiwa Jodrell Bank, Uingereza, wakapima umbo la kelele hiyo. Haikuwa ikitoka kwenye galaksi. Ilitoka kwenye mawingu mawili makubwa, moja kila upande, na galaksi katikati kama mtu aliyebeba ndoo mbili kwa mti begani.

Nani aliyeyajaza mawingu yale? Kwa bomba gani?

Bomba lilikuwa limeshaonekana, ila hakuna aliyejua ni bomba. Mwaka 1918 Heber Curtis wa Lick Observatory, California, alipiga picha ya galaksi M87 na kuandika kwamba ina mwale wa ajabu ulionyooka, unaoanzia kwenye kiini. Akaendelea na kazi nyingine. Leo Kiingereza kina neno fupi la kitu kile, nasi tunalazimika kusema jeti, na ukisema jeti Uganda watu wanageuka kuangalia Entebbe, kwenye uwanja wa ndege. Nimewahi kujaribu "mchirizi", lakini mchirizi ni wa maji ya paa. Hiki kina urefu wa miaka ya nuru kama 5,000. Basi tubaki na jeti. Na pale kwenye kiini inakoanzia kuna shimo jeusi, lenye mvutano mkali mno.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, msichana asiyenyoosha mkono mara kwa mara, aliniuliza swali lililonifanya niweke chaki chini. "Mwalimu, umesema shimo jeusi halitoi kitu, hata nuru. Sasa hicho kinachotoka ni nini?"

Jibu ni kwamba hakijaingia. Kinachorushwa nje hakijavuka mlango. Gesi inayoanguka kuelekea shimo haiendi moja kwa moja, inazunguka kwanza, inatandaa kama chapati, inasuguana, inachemka, na inaburuta uga wa sumaku pamoja nayo. Sehemu inazama. Sehemu inapeperushwa kama upepo. Na ikiwa shimo lenyewe linazunguka, linalizungusha mpaka anga lenyewe lililo jirani nalo, na nyuzi za sumaku zilizonaswa pale zinasokotwa kama kamba. Roger Blandford na Roman Znajek walionyesha mwaka 1977 jinsi msokoto huo unavyoweza kunyonya nguvu ya mzunguko wa shimo na kuitoa nje kupitia ncha zake mbili. Huko ndiko jeti inakoanzia, kwa mujibu wa maelezo yanayokubaliwa na wengi leo.

Nilimweleza Mzee pia. Yeye aliuliza swali la mtu anayenunua tokeni za umeme. "Na bili analipa nani?"

Bweyale kuna vinu vya kusaga mahindi vya dizeli, vyenye lile gurudumu zito la chuma ubavuni. Ukizima injini, gurudumu linaendelea kuzunguka, na kinu kinasaga bakuli moja zaidi bila mafuta. Shimo jeusi ndilo gurudumu, nikamwambia. Lilipokuwa linakula kwa miaka mamilioni lilipata mzunguko, na sasa mzunguko ule unatumika. Kwa shimo linalozunguka kwa kasi ya mwisho inayowezekana, nguvu ya mzunguko inafikia asilimia 29 ya uzito wake wote. Hakuna bomu la nyuklia linalokaribia hapo. Mzee alinyamaza, kisha akasema gurudumu la namna hiyo lisikae karibu na watoto.

Shimo la M87 lina uzito wa majua bilioni 6.5. Picha yake, ule mkate wa moto wenye giza katikati, ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019, kutokana na mtandao wa darubini nane za redio zilizofanya kazi kama moja Aprili 2017, kutoka Hawaii mpaka Hispania. Mimi niliipenda zaidi picha ya mwaka 2023, ambayo haikupata umaarufu, kwa sababu inaonyesha pete na mzizi wa jeti kwa pamoja. Kwenye mzizi jeti ni pana, imefunguka kiasi cha digrii 60. Inaposafiri ndipo inabanwa ikawa nyembamba.

Neno hilo, kubanwa, ndilo lililonipeleka Kabalega na wanafunzi.

Kwa wasiofika: Mto Nile ukitoka Karuma unakuja mpana, unapiga mawe, halafu kwenye maporomoko ya Murchison, ambayo wengi huyaita Kabalega, unaingizwa kwenye ufa wa mwamba wa kama mita 7 tu. Ukisimama juu, kwenye reli ya chuma iliyolowa, huoni maji. Unaona kitu cheupe kinachopita kwa hasira, na nyayo zako zinatetemeka kidogo kidogo bila kuacha. Kinashuka zaidi ya mita 40. Kule chini kuna samaki waliopigwa wakapigika, na mamba wanaowangojea. Halafu lile povu. Povu linatoka pale kwa visiwa, visiwa vya rangi ya chai ya maziwa, vinateremka taratibu kuelekea Paraa, vikizunguka vyenyewe. Nahodha wa boti yetu alizima injini tukaelea pamoja na kisiwa kimoja. Msichana wa swali la shimo jeusi aliinama akachota povu kwa kiganja. Halikuwa na uzito wowote. Lilikuwa na mchanga kidogo ndani yake.

Niliwaambia: mkiwa hapa, bila kuona maporomoko, bila kuyasikia, mngejuaje kwamba kuna maporomoko huko juu? Kwa povu. Na mawingu ya Cygnus A ni povu.

Mfano huu una mwisho wake, na nisipousema mwalimu mwenzangu atanisema. Nile inabanwa na mwamba. Kule juu hakuna mwamba. Jeti inabanwa na gesi na upepo uliokaa pembeni yake, na kwa sehemu na nyuzi zake za sumaku, kama kamba inavyojikaza yenyewe ukiisokota. Pia mto una mdomo mmoja, jeti zina mbili. (Ingawa mafuriko ya 1962 yaliufungulia Nile njia ya pili pembeni pale pale, na watu wakaiita Uhuru. Mwaka ulikuwa wenyewe, wa uhuru wa Uganda.)

Mfano unarudi kufaa ukiuliza jeti inaishia vipi. Mwaka 1974 Bernie Fanaroff na Julia Riley walizipanga galaksi za redio makundi mawili. Kuna zile zinazong'aa karibu na kiini halafu zinafifia zikienda, jeti zake zimelegea, zimechanganyika na gesi ya njiani. Na kuna zile zenye nguvu zaidi ambazo jeti yake inabaki imenyooka, karibu haionekani, mpaka inapogonga gesi ya nje kwa kishindo. Hapo ncha ndiyo inayong'aa kuliko vyote. Cygnus A ni ya kundi hili la pili. Kwa maneno ya Mzee, kundi la kwanza waya wake unavuja njia nzima, la pili waya ni mzima na moto uko mwisho. Fanaroff, nikisema kwa kupita, ni Mwafrika Kusini aliyerudi nyumbani akafanya kazi miaka mingi katika chama cha wafanyakazi wa vyuma, kisha akaongoza upande wa nchi yake katika mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA. Matokeo yake mojawapo ni MeerKAT, madishi 64 katika jangwa la Karoo, iliyozinduliwa mwaka 2018. Mwaka 2025 MeerKAT ilituletea galaksi yenye jeti za miaka ya nuru milioni 3.3 toka ncha hadi ncha. Waliipa jina Inkathazo, yaani usumbufu, kwa lugha za huko, kwa sababu iliwasumbua kuielewa. Katika orodha ya nchi za Afrika zilizo washirika wa SKA, Kenya imo, Zambia imo. Uganda haimo. Nalitaja tu.

Povu lenyewe linatoaje redio? Ndani ya jeti kuna elektroni zinazokwenda karibu na kasi ya nuru. Zikikutana na uga wa sumaku haziwezi kunyooka, zinazunguka zunguka. Dereva wa boda akikata kona kwa kasi, tairi linalia na kuacha mpira barabarani. Elektroni kila ikikatishwa kona inaacha nguvu kidogo, na nguvu hiyo ni mawimbi ya redio. Hicho ndicho tunachopokea: mlio wa tairi. Kisafirishwacho hakimo ndani ya mlio.

Na kasi yake imewachanganya wengi. Mwaka 1971 vipande ndani ya kwasa 3C 279 (kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa mno) vilionekana kutengana kwa kasi kupita nuru, na katika jeti ya M87 darubini ya Hubble imeona vipande vinavyoonekana kwenda mara sita ya nuru. Martin Rees alikuwa amelitabiri jambo hilo mwaka 1966. Chukua mtu anayetoka Karuma kuja kwako kwa baiskeli, safari ya saa mbili. Saa mbili asubuhi anamtuma mwenzake mwenye miguu myepesi kidogo tu kuliko yeye na barua: "Nimeondoka." Barua inakufikia saa nne kasoro dakika tano, mwenyewe anafika saa nne. Ukihesabu toka barua mpaka mtu, utasema ameruka. Nuru ni yule mwenye barua, na jeti iliyoelekezwa kwetu inamfuata nyuma karibu kumkanyaga visigino. Hakuna sheria iliyovunjwa.

Sasa nifike ninapotaka. Kwa miaka mingi galaksi hizi zilipimwa kwa kelele zake: redio kali, jeti kali. Ndiyo njia ya kidole, na kidole kinajua mahali pa ugonjwa, hakijui redio inacheza kwa sauti gani. Kazi yenyewe ilipoonekana, ilionekana kama matundu. Katika kundi la galaksi la Perseus, kiasi cha miaka ya nuru milioni 240 toka hapa, kuna gesi ya joto la mamilioni ya digrii inayong'aa kwa eksirei. Darubini za eksirei, kwanza ROSAT na kisha Chandra iliyorushwa mwaka 1999, zilikuta ndani ya gesi ile matundu makubwa meusi, na matundu yale yamekaa pale pale penye mawingu ya redio. Jeti zilikuwa zimeisukuma gesi pembeni, kama anayepuliza kwa mrija ndani ya uji. Ukijua uzito wa uji na ukubwa wa povu, unajua pumzi. Hesabu ikatoka kwamba nguvu ya kusukuma mara nyingi ni mara 100 ya ile inayotoka kama redio, au zaidi. Tulikuwa tumekaa miaka hamsini tukipima joto la transista na kudhani ndiyo sauti.

Sauti nayo ipo, kwa maana halisi. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba gesi ya Perseus ina mawimbi ya mgandamizo yanayosambaa toka katikati, wimbi moja katika kila miaka milioni 10 hivi. Ukilipa jina la muziki ni B bapa, oktava 57 chini ya C ya kati. Hakuna spika ya Mzee ingeweza.

Na kusukuma huko kuna kazi. Gesi ile ingeachwa ingepoa, ingeanguka katikati, ingezaa nyota kwa wingi kuliko tunazoziona. Inachemshwa upya kila mara, na jeti ndizo zinazoshukiwa zaidi. Hata galaksi zisizo na jeti kali, ambazo ndizo nyingi, zina pepo zake: kwasa PDS 456 inapuliza upepo wa gesi kwa karibu theluthi ya kasi ya nuru. Kitu kidogo mno kikilinganishwa na galaksi yake kinaamua galaksi nzima izae au isizae. Mimi bado sijaizoea hesabu hiyo.

Mei iliyopita niliazima darubini ndogo ya kioo cha sentimita 15 nikaipeleka nyumbani. Mvua ilikuwa imepiga mchana, jioni anga likafunguka. Ilipofika saa nne usiku M87 ilikuwa karibu utosini, maana sisi tulio jirani na ikweta tunayapata makundi yote ya nyota, ya kaskazini na ya kusini. Niliitafuta kwa nusu saa. Vijana wa jirani walipanga foleni. Walichokiona ni doa dogo, kama pamba iliyosahauliwa. Jeti haionekani kwa darubini ile. "Mwalimu, ndiyo hii tu?" Mmoja alirudi kulala. Niliwaonyesha kwa kidole, juu ya Msalaba wa Kusini, mahali ilipo Centaurus A, umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, na kuwaambia kama macho yetu yangeona redio, mawingu yake yangesimama pale na urefu wa miezi mpevu 16 iliyopangwa. Hapo waliangalia muda mrefu, ingawa hapakuwa na kitu cha kuona.

Mzee hakutaka darubini, macho yake yana mtoto wa jicho. Alikwenda ndani akatoka na redio, ile ya kioo cha mita, akaiweka kwenye kiti na kupeleka mshale kati ya 16 na 13. Ilikwaruza vibaya. Nikamwambia nyingi ya kelele hizi ni chaja ya simu. Akamtuma mjukuu kuichomoa. Kelele ikapungua. Tukamwomba jirani azime taa yake ya sola. Ikapungua tena. Ikabaki ile ya mahindi kwenye turubai, na mara moja moja mlipuko wa radi toka upande wa Ziwa Albert. Mashariki, kitovu cha Njia ya Maziwa kilikuwa kinachomoza.

"Na hii iliyobaki?"

"Sehemu yake inatoka kule," nikamwonyesha.

Alifungua mgongo wa redio gizani, bila kuangalia, akaweka kidole. Alikaa nacho pale kwa muda.

"Baridi," akasema.

Akamwita mjukuu aje ajaribu.